Kupoza nyumba kwa kanda Mtwara na Lindi: mifumo mitatu, na upi ununue

Muuzaji au fundi akikuambia mfumo wake unapoza "kila chumba kivyake", yaani kwa kanda, muulize kwanza anauza kipi kati ya vitatu. Kuna viyoyozi vya kawaida vya ukutani, kila chumba na mashine yake ya nje. Kuna maltispliti, yaani mashine moja kubwa ya nje inayolisha mashine mbili hadi tano za ndani, kila moja na remoti yake. Na kuna mfumo wa mifereji ya hewa darini: mashine moja husukuma hewa ya baridi kwenye mifereji, na vilango vyenye mota hufungua na kufunga hewa inayokwenda kila kanda. Vyote vitatu hupoza kwa kanda, lakini havifanani kwa gharama, kwa uimara, wala kwa namna vinavyoharibika kwenye hewa ya pwani yetu.

Tunauweka uamuzi hapa mwanzoni. Kwa nyumba ya vyumba vitatu na sebule, ya tofali za saruji na bati, iwe Chuno, Ligula au Lindi mjini, nunua viyoyozi vya inveta (ambavyo kompresa, yaani pampu ya gesi, hubadilisha mwendo wake kulingana na joto la chumba) vinavyojitegemea, viwili vya kwanza vikienda vyumba vya kulala. Maltispliti ni mashine nzuri kwa nyumba chache zenye sababu maalumu, na tutazitaja. Mfumo wa mifereji usiuweke kabisa kwenye nyumba ya kuishi huku kusini.

Kinachookolewa na kanda

Mtwara na Lindi hazina baridi ya kuhitaji hita. Kuanzia Desemba hadi Machi mchana hupanda nyuzi 31 au 32, na usiku mara nyingi haushuki sana chini ya 24, tena kwa unyevu mwingi. Juni hadi Agosti kusi inavuma, usiku unakaribia nyuzi 20, na wengi wanalala na dirisha wazi. Hata Newala na sehemu nyingine za juu za Makonde, ambako Julai mtu anavuta blanketi, hakuna haja ya kununua joto. Kwa hiyo kipeperushi kinachosifu "kupasha na kupoza kwa kanda", pamoja na asilimia zake za kuokoa umeme, kimeandikwa kwa ajili ya nyumba za nchi zenye majira ya baridi. Usizihamishie asilimia hizo kwenye Luku yako. Ukipata kiyoyozi cha kupoza tu, kichukue hicho. Chenye joto kina vali ya kugeuza mzunguko wa gesi na koili yake ya umeme, vifaa viwili usivyovihitaji na vinavyoweza kufa.

Faida ya hapa inatokana na saa. Familia nyingi usiku ziko vyumbani na sebule ni tupu, na mchana mambo hugeuka. Chukua nyumba yenye chumba masta cha mita 4 kwa 4, vyumba viwili vya mita 3 kwa 3.5, na sebule pamoja na sehemu ya kulia chakula ya mita 5 kwa 6. Kwa dari iliyozibwa vizuri hesabu BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) 600 kwa kila mita ya mraba. Kama juu ni bati tupu, au ukuta mrefu unapigwa na jua la alasiri, hesabu 700 hadi 750. Masta inapata 9,600 kwa dari nzuri na 12,000 kwa dari mbovu. Vyumba vidogo vinatoka 6,300, ila mashine ndogo inayopatikana kwa urahisi madukani ni ya 9,000. Sebule, kwa hesabu ya 700, inafika 21,000, kwa hiyo 24,000. Ukijumlisha kila kitu, pamoja na masta ya 12,000, una BTU 54,000. Lakini saa ambayo vyumba vyote vinne vinahitaji baridi kwa pamoja ni chache mno. Usiku unahitaji 30,000 na mchana 24,000.

Sasa iweke kwenye uniti. Mashine ya inveta yenye ufanisi wa 3.2 inatoa wati 3.2 za baridi kwa kila wati 1 ya umeme, na chumba kikishatulia huwa inatembea kwenye nusu ya nguvu yake au chini ya hapo. BTU 54,000 zote kwa nusu ya nguvu ni kama kilowati 2.5. Kwa saa 8 za usiku hiyo ni uniti 20. Masta na chumba kimoja cha watoto, yaani BTU 21,000, vinakula karibu kilowati 0.96, sawa na uniti 7.7. Kwa bei ya T1, daraja la kawaida la umeme wa nyumbani, ya shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, siku 30 za nyumba nzima zinafika shilingi 213,600, na za vyumba viwili shilingi 82,200 hivi. Hapo ndipo pesa ilipo.

Aliye kwenye D1, daraja la bei nafuu, ajue mapema. Daraja hilo ni la matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, na chumba kimoja cha BTU 9,000 kikiwashwa saa 8 kila usiku kinakaribia uniti 100 peke yake. Ukinunua kiyoyozi, piga hesabu ya bei ya juu tangu siku ya kwanza.

Kanda ni mlango na dari kabla ya kuwa mashine

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na hakuna mashine inayoweza kuponya. Kanda ni chumba kinachoweza kufungwa. Chumba chenye madirisha ya luva hakifungiki hata ukizikaza vipi. Hewa yenye unyevu inapita kati ya vioo usiku kucha, na mashine inafanya kazi ya kukausha hewa ya mtaa mzima. Badilisha luva kwa dirisha la alumini lenye mpira pembeni, au ziba kwa kioo kimoja kilichowekewa silikoni kwa ndani. Sebule iliyoungana na korido bila mlango nayo si kanda. Ukiwasha mashine ya 24,000 sebuleni, baridi inatiririka chini hadi jikoni, na kihisi joto cha mashine hakiridhiki. Ama weka mlango kwenye korido, ama kubali kwamba sebule itabaki na pangaboi.

Mlango wa chumba uache upenyo wa sentimita 1 chini, usizidi. Angalia pia mahali ambapo dari ya jipsamu inakutana na ukuta, na matundu ya taa. Mara nyingi mafundi wa dari huacha nafasi nyuma ya urembo wa pembeni, na nafasi hiyo inavuta hewa moto kutoka chini ya bati, ambako mchana wa jua kali joto hupita nyuzi 50. Ziba kwa fila au silikoni, kisha tandaza sufi ya kuzuia joto ya milimita 50 juu ya dari ya vyumba vitakavyopozwa, hata kama ni viwili tu. Kwa masta ya mita 16 za mraba, sufi hiyo ndiyo inayoamua kama utanunua 9,000 au 12,000, na utaendelea kuvuna kila mwezi.

Nyumba za mawe ya matumbawe za Mikindani zina tabia nyingine. Ukuta wake mnene na dari ndefu hupokea joto polepole, kwa hiyo washa mashine mapema jioni na uiache itembee taratibu. Tundu la bomba litobolewe kwa drili yenye kikombe cha kukata, si kwa patasi na nyundo, maana mawe na chokaa vinaachana vipande vipande. Nyumba ya kale iulizie kibali kabla ya kutoboa.

Maltispliti: nzuri kwenye karatasi, ngumu kwenye ufungaji

Mvuto wake tunauelewa. Ukuta wa nje unabaki msafi, mashine ya nje ni moja ya kukinga na chumvi, laini ya umeme ni moja kutoka kwenye sakiti breka. Kwa nyumba yetu ya mfano, mashine ya nje inaweza kuwa ndogo kuliko jumla ya 54,000 ya mashine za ndani, kwa kiasi ambacho kitabu chake kinaruhusu, mradi watu wasiwashe zote kwa pamoja. Kwa ghorofa yenye kibaraza kimoja tu cha kuweka mashine, au nyumba iliyobanwa pande tatu na majirani, hili ndilo chaguo sahihi.

Udhaifu wa kwanza uko kwenye kiwango cha chini. Kompresa kubwa ina kikomo cha kupunguza mwendo. Kwenye karatasi ya vipimo tafuta nguvu ya chini kabisa, si ya kawaida wala ya juu. Mashine ya 27,000 ambayo haiwezi kushuka chini ya 7,000, ikilisha chumba kimoja kidogo kinachohitaji 3,000 tu ifikapo saa tisa usiku, itakuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Kila ikizima, koili ya ndani inapata joto na maji yaliyojikusanya juu yake yanarudi hewani. Chumba kinakuwa na baridi lakini kina unyevu, shuka linashika ngozi. Mashine ndogo ya peke yake inashuka hadi 3,000 au karibu na hapo na kukaa palepale, inakausha hewa mfululizo. Kwa hewa yetu, tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya ufanisi iliyoandikwa kwenye lebo.

Udhaifu wa pili ni kwamba ikifa, vyumba vyote vinakufa. Bodi ya inveta ikiungua, nyumba nzima inasubiri kipuri kutoka Dar es Salaam. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, mizigo ilikwama. Mwenye viyoyozi vitatu vinavyojitegemea, kimoja kikifa, anahamishia watoto chumba cha pili na kusubiri.

Tatu ni ufundi, na hapa tunakaa kidogo kwa sababu makosa ni yale yale. Kila mashine ya ndani ina bomba zake mbili za kopa zinazofika mpaka mashine ya nje, na waya wake wa mawasiliano. Waya wa chumba A lazima uingie kwenye namba ileile ya bomba za chumba A. Fundi akizipishanisha, remoti ya masta inafungua vali ya chumba cha watoto. Masta inapuliza hewa ya vuguvugu, na kwa watoto, ambako feni imezimwa, koili inaganda barafu na kudondosha maji ukutani. Wengi wanaojibu malalamiko hayo huongeza gesi, na tatizo linabaki na mashine inazidi kuumia. Kipimo ni rahisi: washa chumba kimoja tu kwa dakika 15, shika bomba nene zote kwenye mashine ya nje, na ile ya baridi iwe ya chumba kilichowashwa. Rudia kwa kila chumba. Fanya hivyo fundi akiwa bado yupo na hela ya mwisho bado iko mfukoni mwako.

Urefu wa bomba pia una mipaka. Kibao au kitabu kinaeleza mita ngapi kwa chumba kimoja na mita ngapi kwa jumla, na gesi iliyotiwa kiwandani inatosha urefu gani. Ikipita hapo, gesi huongezwa kwa mizani, gramu kadhaa kwa kila mita kama kitabu kinavyosema. Kwa bomba nyembamba ya robo inchi mara nyingi ni kati ya 12 na 20. Gesi ya kukisia kwa geji peke yake kwenye mashine ya inveta haina maana, kwa sababu presha inabadilika na mwendo wa kompresa.

Kazi ya kopa, kwa mfumo wowote

Fundi asiye na pampu ya vakyumu, ya kunyonya hewa yote iliyo ndani ya bomba, usimkubalie kazi. Bado wapo wanaofungua gesi kidogo ili isukume hewa itoke kwenye bomba, kisha wanakaza nati na kuondoka. Hewa ya Mtwara imejaa unyevu. Kiasi kinachobaki ndani kinachanganyika na oili ya kompresa, kinatengeneza asidi, na mengine yanaganda kwenye vali ya kupanua. Mashine inafanya kazi miezi kadhaa, halafu kompresa inaanza kulalamika. Tena gesi ya R32, ambayo sasa iko kwenye mashine nyingi mpya, inaweza kushika moto, hivyo kuipuliza chumbani si tabia ya kuvumilia.

Mpangilio sahihi huanza na naitrojeni kavu. Bomba zinajazwa mpaka presha ya majaribio iliyoandikwa kwenye kitabu, viungo vinapakwa maji ya sabuni, na presha inaachwa saa kadhaa; kwa maltispliti iache usiku mzima, kwa sababu ina viungo vingi. Presha isiposhuka, inatolewa na vakyumu inawekwa hadi maikroni (kipimo cha hewa iliyobaki) 500 au chini. Pampu inazimwa na geji inaangaliwa dakika 15. Ikipanda na kuendelea kupanda, kuna tundu. Ikipanda kidogo na kusimama, kuna unyevu, pampu irudi kazini. Baada ya hapo ndipo vali za mashine ya nje zinafunguliwa.

Nati za kopa zikazwe kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza: nyutoni mita 14 hadi 18 kwa robo inchi, na 34 hadi 42 kwa tatu ya nane. Ikizidi, mdomo wa kopa unachanika. Ikipungua, gesi inavuja taratibu na mwakani utaambiwa "gesi imeisha". Gesi haiishi kwa matumizi, inatoka mahali. Anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia kazi ileile mara mbili.

Bomba zote mbili zivishwe sponji, kila moja kivyake, unene wa milimita 13 na si 6. Hewa ya Februari huanza kutoa maji ikigusa kitu chenye nyuzi 24 hivi, na bomba ya gesi iko chini sana ya hapo. Sehemu yoyote iliyoachwa wazi juu ya dari itadondosha, na jipsamu itaweka doa la njano, kisha itapinda. Kiungo kifungwe kwa sponji kabla ya tepu. Tepu peke yake haizuii kitu.

Maji ya kiyoyozi cha 9,000 yanaweza kufika karibu lita 1 kwa saa siku za unyevu. Bomba la kuyatoa lishuke sentimita 1 kwa kila mita, lisipande popote, na mwisho wake usizamishwe kwenye ndoo. Ukizama, hewa inagoma na maji yanarudi kitandani.

Mifereji na vilango vyenye mota

Hatutumii maneno mengi. Mifereji inapita chini ya bati, mahali penye joto kuliko pote nyumbani, ikibeba hewa ya nyuzi 13 au 14. Isipokuwa na sufi ya milimita 50 yenye ganda la alumini lililofungwa kila kiungo, inatoa jasho juu ya jipsamu. Panya wanaipenda sufi hiyo. Kanda mbili zikifunga vilango vyake, hewa yote inalazimishwa kwenye kanda moja: kelele zinapanda, koili inapungukiwa hewa na kuganda. Dawa yake ni mfereji wa kurudisha hewa ya ziada au feni inayojipunguza, na vyote vinataka mtu wa kuvisawazisha kwa vipimo. Mota ya kilango ikifa na kilango kikiwa kimefungwa, chumba hakina baridi na kupanda darini ni kazi ya nusu siku. Hoteli yenye fundi wake wa kudumu inaweza. Nyumba ya kuishi, hapana.

Chumvi, umeme, na salfa ya mikorosho

Shangani, Mikindani na mitaa ya Lindi iliyo karibu na ghuba, chumvi ndiyo inayoua mashine ya nje kabla ya umri wake. Mapezi ya alumini yanageuka unga mweupe, joto linashindwa kutoka, umeme unapanda. Chagua mashine ambayo mapezi yake yamepakwa rangi ya kukinga, ya bluu au ya dhahabu, na uiweke upande wa bara wa nyumba, ambako ukuta unazuia upepo wa kaskazi na wa kusi kuipiga moja kwa moja. Acha sentimita 15 hadi 20 nyuma na mita 1 mbele. Kitako cha zege kwenye ardhi ni bora kuliko mabano ya chuma ukutani. Ukilazimika kutumia mabano yawe yamepakwa zinki kwa moto, na boliti za chuma kisichoshika kutu. Mara moja kwa mwezi, mashine ikiwa imezimwa kwenye breka, isuuze mapezi kwa mpira wa maji ya bomba au ya mvua, presha ndogo, kutoka juu kwenda chini. Maji ya kisima chenye chumvi yanaongeza tatizo.

Kuhusu umeme, adui mkubwa wa bodi ya inveta ni volti mbovu. Weka kinga ya volti yenye kuchelewa dakika 3 umeme ukirudi, inayokata chini ya 185 na juu ya 260. Kwa mashine za 9,000 na 12,000 tumia waya wa milimita za mraba 2.5 wenye breka yake ya ampea 16 au 20, moja kwa moja kutoka boksi la breka, si kwenye soketi ya jokofu. Maltispliti ya 27,000 na kuendelea inataka waya wa 4 na breka ya 25 au 32, kama kibao kinavyoelekeza. Ethi ipimwe. Udongo wa mchanga mkavu unapitisha umeme vibaya, kwa hiyo fimbo moja fupi mara nyingi haitoshi. Ongeza fimbo, ziungane, zishuke hadi kwenye ardhi yenye unyevu.

Walio karibu na mikorosho, iwe Naliendele, Tandahimba au Masasi, wana adui mwingine ambaye vitabu vya viyoyozi havimtaji. Kuanzia Juni hivi, salfa ya kuzuia ubwiri unga inapulizwa mashambani na vumbi lake linafika nyumbani. Salfa na kopa havipatani: inaifanya nyeusi na kuila, na kwenye bodi za umeme inakula njia nyembamba za kopa. Siku ya kupuliza zima mashine na ufunge madirisha. Msimu ukiwa unaendelea, osha chujio za ndani kila wiki badala ya kila wiki mbili, na msimu ukiisha mwite fundi aoshe koili ya ndani na ya nje na apulize vumbi kwenye boksi la bodi.

Kuitumia kila siku

Weka nyuzi 25 au 26 na pangaboi kwenye mwendo mdogo. Feni ya wati 60 inayosogeza hewa mwilini inafanya 26 ihisiwe kama 24. Ukishusha hadi 18, unaongeza umeme na kuleta ukungu: mlango na ukuta wa korido unaopakana na chumba hicho vinapoa kuliko kiwango ambacho hewa ya nje hutoa maji, na baada ya wiki kadhaa unaona madoa meusi nyuma ya kabati. Hilo ni tatizo la kanda hasa, kwa sababu chumba baridi kinapakana na chumba chenye unyevu. Sogeza kabati sentimita 5 kutoka ukutani, na chumba kisichopozwa kifunguliwe madirisha mchana.

Kihisi cha joto kiko ndani ya mashine yenyewe. Mashine ikifungwa juu ya pazia zito au karibu sana na dari ya bati, itasoma joto lisilo la kitandani. Acha sentimita 15 juu yake, na usiielekeze ipulize kwenye kabati, maana hewa baridi ikigonga na kurudi, mashine inaamini chumba kimeshapoa na inapunguza mwendo.

Anayejenga sasa

Kama nyumba bado iko kwenye tofali, huu ndio wakati wa kanda, hata kama hela ya viyoyozi haipo. Kabla ya plasta pitisha bomba la plastiki la milimita 75 ukutani mahali pa kila mashine ya ndani, likiinama kidogo kwenda nje, uzibe pande zote mbili. Laza bomba la maji la milimita 25 ndani ya ukuta, mwisho wake kwenye bustani au shimo la mawe. Vuta waya wa 2.5 kutoka boksi la breka hadi kila tundu, na acha nafasi za breka nne. Tenga ukuta mmoja wa upande wa bara wenye kivuli cha paa la sentimita 90 kwa ajili ya mashine za nje, na mwaga vitako vyake pamoja na zege la ngazi. Weka mlango kwenye korido kati ya sebule na vyumba. Halafu nunua mashine ya masta kwanza, na nyingine kadiri unavyopata.